Niliandika Wajir

Kama gazeti la wiki jana mlifungia sambusa kabla ya kulisoma, hamjapitwa na mengi, maana matatizo yangu hayajaenda mahali. Mimi ni Ayan binti Jama, miaka ishirini na nne, nina diploma ya shughuli za ndege kutoka Nairobi, na ni karani wa kampuni ndogo ya mizigo hapa uwanja wa ndege wa Garissa. Kampuni yenyewe ni ndege moja, rubani mmoja, bosi mmoja na mimi.

Nampenda mwalimu mmoja wa Buna anayeitwa Abdirahim. Hilo mnalijua, nimelisema wiki tatu mfululizo.

Mnajua pia kwamba wazee wake walikuwa waje kuniposa Ijumaa ile ya mvua, lori likazama kwenye tope la laga, ule mto wa msimu wa mvua, na mbuzi tuliyewachinjia akaliwa na majirani. Aabo, yaani baba yangu, alikaa na kofia yake mpya kichwani tangu alasiri hadi isha. Hakuna aliyekuja. Alipoivua alisema maneno machache sana. Ijumaa inayofuata, baada ya swala ya alasiri, ndiyo nafasi yao ya mwisho. Wasipoketi kwenye mkeka wake siku hiyo, Jumamosi atawapokea wazee wa Bishar, na wao atawajibu ndiyo.

Bishar simchukii. Ana malori ya maji kule Dadaab, ana wake wawili wanaomsifu, alisoma darasa moja na Aabo, na kila akiniona huniita mtoto. Ni hilo tu.

Najua kuna mtu hapo anauliza kwa nini wazee wa Buna wasipige simu. Hata mimi niliuliza. Aabo aliniangalia kama nimemwambia aswali kwa simu.

"Msichana haombwi kwa simu, Ayan. Watu wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai, wanasema. Mimi niwaone macho."

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sogeeni, ya wiki hii ni mengi na mengine ni aibu yangu.

Ijumaa hiyo ndege yetu ilikuwa ipeleke dawa za zahanati Buna, halafu irudi Garissa tupu. Tupu kabisa. Wazee wanne wako Buna hawana njia, na ndege iko Buna haina watu. Nilipoliona hilo kwenye ratiba nilicheka peke yangu mpaka Lul, bosi wangu, akaniuliza kama nimepandwa na malaria.

Nikamweleza. Lul ni mama mwenye roho nzuri, ana mabinti wawili wa rika langu. Alisema wazee wanne sawa, waandikwe idadi yao kwenye karatasi, na asipande mtu na mbuzi. Kapteni Jirma, rubani wetu, mtu wa Moyale asiyecheka ovyo, alisema atawabeba.

Mtu ambaye hakutakiwa kujua ni mmoja tu, Aabo. Msichana hatumi gari likamletee watu wa kumposa, sembuse ndege. Ikijulikana itasemwa binti Jama alijiozesha mwenyewe, na hiyo itasemwa mpaka wajukuu zangu waisikie. Kwa hivyo Aabo alijua wazee wanakuja kwa njia yao, basi.

Siri hiyo nilimwambia Hooyo, mama yangu, na Habibo. Habibo ni rafiki yangu tangu darasa la tatu. Ila nilimwambia saluni, mikono yangu yote miwili ikiwa na hina mbichi, na mle ndani tulikuwa watu tisa.

Sasa twende kwenye kompyuta.

Ndege yoyote kabla haijaruka inaandikiwa karatasi: inatoka wapi, inatua wapi, saa ngapi, ina watu wangapi. Sisi wa kazi hiyo tunaiita plani. Unaituma Nairobi, na waongoza ndege wanajua wewe ni nani ukiwa huko juu. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nampigia Korane, mzee wa dawati la Nairobi mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Namsomea, anaandika, ananiuliza kama mvua imenyesha, tunaagana.

Jumanne ikaja barua. Kompyuta za waongoza ndege zinabadilishwa. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu plani hazisomwi kwa simu, zinaingizwa kwenye ukurasa mpya wa mtandao. Barua ilikuwa na kurasa saba. Nilisoma wa kwanza, nikafurahi, nikainuka kwenda kuwaambia watu.

Naungama hapa mbele yenu. Kurasa sita sikuzisoma.

Na kuna lingine. Buna haina jina kwenye kompyuta. Viwanja vikubwa vina herufi zao nne zinazojulikana dunia nzima, lakini vya changarawe, Buna, Kutulo na wenzao, havina. Kwa hivyo huku kwetu, tangu kabla sijaajiriwa, ukienda Buna unaandika Wajir. Ndege ikishapaa rubani anasema kwa redio kwamba anabadilisha, anaelekea Buna, anaambiwa sawa. Kila mtu anafanya hivyo. Sijawahi kuona plani ya Buna iliyoandikwa Buna.

Alhamisi saa nne asubuhi nikafungua ukurasa mpya. Vidole viliandika Wajir. Mdomo ulikuwa unamweleza Lul kuhusu dirac ya kijani nitakayovaa wageni wakija, na shingo yake yenye shanga. Skrini ikawa kijani pia, IMEPOKELEWA. Nikaipiga picha nikaiweka kwenye status. Karani wa kwanza Garissa kutumia mfumo mpya. Watu hamsini na wawili waliona, na aliyenirekebisha hakuwepo hata mmoja.

Ijumaa saa moja asubuhi Jirma aliichukua karatasi mezani, akaisoma akiwa amesimama, akaketi.

"Ayan, hii imeandikwa Wajir."

"Si ni kama kawaida, Kapteni? Utabadilisha ukiwa juu."

Alitoa ile barua mfukoni, imekunjwa mara nne. Yeye alikuwa ameisoma yote. Akaweka kidole ukurasa wa tano na kunigeuzia.

Ukurasa wa tano ulisema mpaka Jumatatu hakuna kubadilisha hewani. Ndege itatua pale ilipoandikwa. Anayetaka kutua kwingine afute plani yake aandike mpya, na hiyo mpya itakaguliwa na watu mmoja mmoja, maana kompyuta bado inazoeshwa. Itachukua muda gani, hakikuandikwa.

Nilimwambia ni siku moja tu. Aingie Buna haraka, atoke haraka, nani atajua.

"Kule ni karibu na mpaka," Jirma alisema. "Ndege ikiacha njia yake, wale wanaotazama hawakuulizi kama umeenda kuchukua wazee wa posa. Nina watoto wanne, Ayan."

Hapo nilifanya lile ninalofanya siku zote. Mimi habari ikinifika kooni haikai. Kabla sijafikiria chochote nilimpigia Abdirahim, nikamwambia ndege imeandikwa Wajir, Buna haiwezi kutua, nimeharibu kila kitu, na nikalia kidogo. Akasema nisilie, ngoja azungumze na Adeer Alio. Alio ni baba yake mdogo, ndiye msemaji wa wale wazee.

Nikakata simu. Sikumwambia subirini. Sikumwambia bado najaribu. Nilimpa habari mbaya peke yake, nikakimbilia simu ya ofisi kumtafuta Korane.

Korane alishika. Nilimwomba anifanyie vile tulivyozoea, afute Wajir pale, aandike Buna, nitamwombea dua maisha yangu yote.

"Mwanangu, mimi leo ni kama wewe," alisema. "Natazama skrini. Hata kalamu wameondoa mezani."

Alichoweza kunipa ni maelezo. Futa, andika upya, na kwa kuwa Buna haina herufi, weka mahali pake kwa nyuzi za ramani, zile namba za latitudo na longitudo.

Nyuzi Jirma alikuwa nazo kwenye daftari lake. Nikaziingiza, skrini ikawa nyekundu. Nikaziingiza tena, nyekundu. Lul akaniambia nisipige kibodi hivyo, haijanikosea. Kumbe nilikuwa naziandika kama simu inavyoziandika, na ukurasa unazitaka vingine. Mara ya tatu ukanyamaza, halafu ukaniletea maneno mapya. Ndege hii ina plani nyingine. Ifute kwanza. UNA HAKIKA?

Nilikuwa na hakika. Sijawahi kuwa na hakika namna ile tangu nizaliwe. Nikabonyeza, na Wajir ikatoweka.

"Na hiyo mpya wakiikataa?" Lul aliuliza nyuma yangu.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Saa mbili ikafika. Kwenye skrini kulikuwa na duara la manjano linazunguka, chini yake INAKAGULIWA. Nilimpigia Abdirahim nimwambie wasiondoke, sasa ni Buna, wakae hapohapo. Hapatikani. Sikushtuka, mtandao wa Buna mvua ikinyesha huanguka siku nzima. Nikamtumia jumbe tatu za sauti. Kila mmoja ulikaa na tiki moja.

Saa tatu. Saa tatu na nusu. Duara linazunguka.

Sijui niwaelezeje ile hali. Huku kwetu kila kitu kina mtu. Ukikwama mahali kuna mtu wa kuombwa, akikataa ana binamu, binamu akikataa ana mama mkwe ambaye alisoma na shangazi yako. Duara lile halikuwa na binamu. Nilibaki nimekaa mbele yake na mikono mapajani, hina yangu nzuri, siwezi kulibembeleza, siwezi kulikasirikia, siwezi hata kuondoka. Jirma alilala kwenye benchi na kofia usoni. Dawa za watu wa Buna zilikuwa zimeshapakiwa, zinangoja na sisi.

Saa tano kasoro dakika kumi skrini ikawa kijani. Buna, kwenda na kurudi. Nilipiga kelele mpaka askari wa geti akaja kuangalia. Saa tano na dakika kumi Jirma alikuwa angani, na mimi na Lul tunacheza katikati ya makaratasi. Nikampigia Habibo nikamsimulia yote, plani ilivyokufa na ilivyofufuka. Alikuwa saluni tena. Yaani anaishi mle.

Saa tano na dakika ishirini na tano simu yangu ikaita. Adeer Alio. Nikashukuru Mungu mtandao umerudi.

"Ayan, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Sisi tumeshafika."

"Mmefika wapi, Adeer?"

"Wajir. Si ulisema ndege iko Wajir? Hii maji ya laga imeshuka asubuhi, tukapata gari ya mbuzi. Tuko hapa uwanja ya ndege, wote wanne, na kijana yetu. Sasa ndege iko wapi?"

Nilitaka simu izime yenyewe. Haikuzima. Alio aliendelea kunihadithia walivyotoka Buna saa moja na nusu, kabla machozi yangu hayajakauka. Walivyokaa katikati ya mbuzi njia nzima, nguo zao safi wakiwa wamezifunga kwenye mfuko wa plastiki juu ya kichwa cha dereva. Walivyobadilishia chooni pale uwanjani, mmoja mmoja, na mmoja bado ana kinyesi cha mbuzi kwenye kiatu lakini baba yangu hataona. Alikuwa anacheka. Barabara nzima haina mtandao, ndiyo maana ujumbe wangu haukufika.

"Iko angani, Adeer," nilisema. "Inaenda Buna."

"Buna kuna nani?" aliuliza.

Niliweka simu mezani ikiwa wazi, nikashika redio, nikamwita Jirma. Nikamwambia watu wako Wajir, wote, na Wajir iko mbele yake njiani. Alinisikia vizuri. Alisema Wajir anaipita juu baada ya nusu saa, ataiona, lakini hawezi kutua.

"Nimeandikwa Buna," alisema. "Wewe ndiye uliyeniandika."

Mnajua ni nini kilichobaki cha kufanya katika nusu saa ile? Hakuna. Nilikaa. Adhana ya Ijumaa ikaanza kuadhiniwa mjini. Alio alikuwa amenipigia tena, tukawa tunasikilizana pumzi tu.

"Tunaiona," alisema. "Iko juu yetu." Nikasikia mtu nyuma yake anaita kwa nguvu, nikasikia Abdirahim akimwambia teremsha mkono, Adeer, haoni. Halafu Alio akasema polepole, "Ayan. Inapita."

Nilirukia kompyuta. Nilitaka kubadilisha safari ya kurudi, Jirma akitoka Buna apitie Wajir, awachukue, bado tutawahi. Nilikuwa nimeshafika pale pa kufuta Lul alipochomoa kipanya na kukishika kifuani kama mtoto mchanga. Alisema asubuhi ile plani ilichukua karibu saa tatu. Nikifuta ya kurudi na mpya ichelewe, ndege inalala Buna, na uwanja wetu wa Garissa hauna taa, jioni ikiingia hakuna kutua. Alisema ananipenda kama binti yake lakini leo sitagusa tena kitu chochote chenye umeme.

Alio akasema watakuja kwa barabara. Nikahesabu. Kwa tope lile, wakipata gari dakika hiyohiyo, watafika saa nne usiku. Kama si kesho.

"Mwambie baba yako tuko njiani," alisema.

Nitamwambiaje? Nikimwambia wako njiani ataniuliza nimejuaje, na nikimjibu hilo atauliza la pili.

Saa nane ukaja ujumbe wa Jirma, mfupi kama yeye. Nimeondoka Buna. Nina abiria mmoja.

Nilimpigia, amezima. Abiria mmoja. Nilianza kupumua. Labda mzee wa tano. Labda kuna mmoja aliyekataa kupanda gari la mbuzi na kubaki na heshima yake. Mimi nilihitaji mmoja tu, hata kama ni kiziwi, mradi aketi kwenye mkeka na aseme.

Nyumbani Hooyo alikuwa amepanga vikombe, sinia mbili, na alikuwa amechoma uvumba mpaka paka ametoka. Nikamnong'oneza yote. Alifunga macho, akafungua.

"Mmoja mwenye ndevu anatosha," alisema, akaenda kuongeza iliki.

Saa kumi kasoro robo Aabo aliswali alasiri msikitini. Aliporudi hakuwa peke yake. Nyuma yake walikuja wanaume watatu waliopigwa pasi kuanzia kofia mpaka soksi. Wa mbele alikuwa na ndevu za hina. Ni kaka yake Bishar.

Walisema wamepita kusalimia tu. Siku yao ni kesho, wanajua, hawana haraka. Ila wamesikia mjini kwamba watu wa Buna wamepata shida ya safari leo, ndege imefutwa kwenye kompyuta, wakaona si vizuri mzee mwenzao abaki na chai nyingi peke yake.

Mjini. Mjini ni Habibo, na Habibo ni mimi. Nilisimama nyuma ya pazia na sinia mkononi.

Aabo aliwakaribisha, kwani mgeni hafukuzwi. Waliketi upande wa kulia. Upande wa kushoto mkeka ulikuwa wazi, na Aabo akawa anautazama.

Kisha gari la Lul likasimama nje. Jirma ndiye aliyekuwa anaendesha. Akateremka, akazunguka, akafungua mlango wa pili, akamshika mtu mkono.

Hakuwa na ndevu.

Alikuwa bibi kizee mwenye shali nyeusi, mdogo kama msichana wa darasa la sita, amekumbatia kibuyu cha maziwa ya ngamia. Ayeeyo Sahra, bibi yake Abdirahim mzaa baba. Nilikuwa nimeona picha yake. Baadaye Jirma alinieleza kwamba alimkuta amesimama peke yake pale kiwanjani Buna. Wazee walisahau zawadi ya maziwa wakikimbilia gari la mbuzi, akawafuata kwa miguu, akakuta vumbi. Ndege ilipotua akauliza inaenda wapi, akaambiwa Garissa, nyumbani kwa Jama, akapanda.

Hakuja upande wetu wa wanawake. Aliingia mlango wa mbele, akavua viatu, akaketi upande wa kushoto, kibuyu mapajani.

Ndevu za hina akamwambia kwa adabu kwamba wanawake wako upande wa pili.

"Nitaenda nikimaliza kazi," alisema Ayeeyo. "Na wewe uko hapa kwa ajili ya nini?"

"Tumepita kusalimia tu."

"Basi umeshasalimia."

Aabo akakohoa. Mimi nakijua kile kikohozi, ndicho anachofichia kicheko. Hooyo akanifinya, naye alikijua.

Ayeeyo akamgeukia. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mimi ni bibi yake Abdirahim. Wanaume wangu wako Wajir wanatazama mbingu, wataona aibu yao wenyewe wakifika. Wewe ulisema watu wetu waketi kwenye mkeka wako leo baada ya alasiri. Alasiri imeswaliwa. Mkeka ni huu. Nimeketi. Namwombea mjukuu wangu binti yako Ayan."

Kaka yake Bishar alianza kusema kwamba tangu lini mwanamke anaposa. Aabo akainua kiganja kumkatiza. Aabo alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama, akaivaa tena.

"Endelea, mama," alisema.

Endelea. Wallahi alisema endelea. Hooyo alikuwa ameniganda mkono, kucha zake ziko ndani ya hina yangu, na mimi sikuzisikia.

Kama angenyamaza hapo, leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine. Lakini Ayeeyo ni mtu wa aina yangu. Neno likimfika kooni halikai.

"Na niseme moja zuri," aliendelea, akamwelekezea kidole Jirma aliyesimama mlangoni. "Nimeozesha mabinti saba. Sijaona nyumba kama hii yako. Binti yako mwenyewe ndiye aliyetutumia ndege. Ameiandika kwa mkono wake, huyu kijana amenieleza yote. Mkwe wa kututumia ndege tungempata wapi?"

Jirma aliangalia viatu vyake. Ndevu za hina zilifunguka taratibu, tabasamu likaingia katikati, na akawatazama wenzake wawili kuhakikisha wamesikia.

Aabo hakumtazama Ayeeyo. Alilitazama pazia.

"Ayan. Toka."

Nikatoka na sinia. Ayeeyo alinichekea, ana meno mawili tu mbele, anajivunia mimi kama amenizaa.

"Ndege hiyo," Aabo alisema, "uliituma wewe?"

Nikisema ndiyo, nimejiozesha, na wale watatu watalitoa neno hilo nje kabla chai haijapoa. Nikisema hapana, nimemfanya bibi mwongo juu ya mkeka wa baba yangu, na posa ya mwongo haisikilizwi. Mimi niliyetangazia saluni nzima, niliyeweka picha kwenye status, niliyelia kwenye simu kabla ya kufikiri, nilifungua mdomo na ndani hamkuwa na kitu.

"Nakuuliza wewe," Aabo alisema.

Nikaweka sinia chini, maana vikombe vilikuwa vimeanza kugongana na kunijibia.